Goli Tatu na Pointi Saba za Kukosa

Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 2019, siku ambayo timu yangu, Giants, ilicheza fainali ya ligi kuu ya mpira wa Australia na Richmond, niliingia zamu ya mchana katika nyumba ya wazee kaskazini mwa Melbourne nikiwa nimevaa soksi za rangi ya chungwa. Sare yetu ilikuwa ya buluu kuanzia shingoni mpaka vifundoni, na msimamizi hakuwa na mzaha na sare, kwa hiyo mapenzi yangu kwa Giants yalibaki ndani ya viatu. Kila nilipoinama kumfunga mtu mkanda wa kiti cha magurudumu, soksi zilichungulia. Mpishi wetu ndiye aliyeziona kwanza. Yeye alikuwa Richmond wa damu, amejifunga skafu ya njano na nyeusi juu ya aproni. Alicheka mpaka ikabidi aweke sinia chini.

Mchezo wenyewe wanauita futi. Siku za mwanzo nilipowasikia watu kwenye basi wakizungumzia futi nilidhani wote ni mafundi seremala. Wanacheza watu 18 kila upande, kwenye uwanja mkubwa wenye umbo la yai, na mpira nao una umbo la yai. Kila mwisho wa uwanja zimesimama nguzo nne, hazina mtambaapanya. Mpira ukipigwa ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati, ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, umekosa, lakini unaandikiwa pointi 1. Ukigonga nguzo ndefu, pointi 1 vilevile.

Hiyo pointi ya kukosa ndiyo iliyonivuta. Mimi nimekulia Tanga, kwenye soka, ambako ukigonga mwamba unashika kichwa, unarudi nyuma, na ubao hauna habari kwamba ulijaribu. Hawa wanaandika. Na wanaandika kwa kutenganisha: goli ngapi, za kukosa ngapi, halafu jumla. Timu iliyopata goli 8 na kukosa mara 8 imeandikwa 8.8 (56), na mtu yeyote akisoma gazeti la kesho anajua mlikaribia mara ngapi.

Giants niliwarithi kwa dada yangu, Blacktown, magharibi mwa Sydney. Nilifika kwake mwaka 2014 kwa viza ya masomo, nikasomee cheti cha kutunza wazee. Timu ile ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa imeingia ligi kuu mwaka 2012 na mazoezi yake ya mwanzo iliyafanyia palepale Blacktown, kwenye eneo la watu wa raga ambao futi haiwahusu. Msimu wa kwanza walicheza mechi 22 za ligi wakashinda mbili. Wa pili wakashinda moja. Watoto wa dada walikuwa na kofia za timu ile za kugawiwa bure, wanazivaa kuendea dukani tu, shuleni wanazivua. Nikasema hawa ni wageni kama mimi, wacha niwe wao. Mwaka 2017 kazi ikanipeleka Melbourne, mji ambao mtoto hupewa timu kabla hajapewa jina, na kila aliyeniuliza timu yangu akanitazama kama mtu aliyesema anaunga mkono kituo cha mafuta.

Sasa kuna jambo jingine la wiki ile ambalo sikumwambia mtu. Nyumbani nilikuwa muuguzi, nimefanya kazi wodini miaka minne. Australia ili usajiliwe uuguzi, mtu niliyetoka nilikotoka ilibidi nifaulu mtihani wa Kiingereza kwa alama 7 katika kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Tatu zilinikubali. Kuandika kulinigomea. Mara ya kwanza nilipata 6.5. Mara ya pili 6.5. Matokeo ya mara ya tatu yaliingia kwenye simu Alhamisi kabla ya fainali, nikiwa kwenye basi, na nilipoona ile nusu ya tatu nyuma ya sita niliizima simu kama mtu anayezima jiko. Ijumaa ilikuwa sikukuu. Ndiyo, jimbo la Victoria linapumzika siku nzima kabla ya fainali ya futi, wachezaji wanapitishwa barabarani watu wanawapungia. Mimi nililala mpaka saa tisa.

Kwa hiyo Jumamosi nilizitegemea zile soksi kuliko inavyofaa kutegemea soksi.

Chumba cha mapumziko tulikuwa tumekipamba toka asubuhi. Mapulizo ya njano na meusi upande mmoja, ya chungwa upande mwingine, viti vimepangwa nusu duara mbele ya televisheni. Jikoni walioka vipai vidogo vya nyama na soseji zilizoviringishwa kwenye unga, vyakula ambavyo bila hivyo fainali haihesabiki. Wale wasioweza kutafuna walisagiwa pai ikawa uji wa kahawia, na mpishi, ambaye ana roho nzuri pamoja na u-Richmond wake, alichora mstari wa tomato juu ya kila bakuli ili nao waone wamekula pai.

Ukutani palibandikwa karatasi ya kubahatisha. Unatoa dola 2, unataja mshindi na tofauti ya pointi, atakayekaribia anachukua zote. Mpishi aliandika Richmond 40, akaambiwa ana majivuno. Mimi niliandika Giants 4. Tulikuwa na bibi mmoja ambaye kila asubuhi huuliza kama mama yake ameshafika kumchukua. Mhudumu wa michezo akamwinamia, akamuuliza, bibi, unasemaje, kwa pointi ngapi? Bibi akamtazama kwa adabu sana, akajibu: "Themanini na sita." Ulikuwa umri wake. Timu hakutaja, lakini alivaa sweta la njano, basi ikaandikwa Richmond 86. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao.

Pembeni kabisa, karibu na dirisha, alikaa Mzee. Huku mtu wa miaka 80 anaitwa kwa jina lake la kwanza na binti wa miaka 20, na kwenye mafunzo tuliambiwa hiyo ndiyo heshima. Kwangu ulimi uligoma. Nilimwita Mzee, akaniuliza maana yake, nikamweleza kwamba ni mtu mzima anayesikilizwa. Akasema neno hilo katika nchi yake halipo na angependa walilete. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kushoto miaka mitatu nyuma, lakini mdomo kiliuacha. Mzee alikuwa Collingwood. Skafu yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi za yule ndege wao anayemfanania kunguru wetu wa pwani, na Jumamosi iliyotangulia Giants walikuwa wamewatoa Collingwood kwenye nusu fainali, 56 kwa 52. Pointi nne. Siku tatu nzima alikula chakula nilichomletea bila kunisemesha.

"Leo unamshangilia nani, Mzee?" nilimuuliza nikimsogezea mto.

"Hao wako wameniibia fainali," akasema. "Na Richmond siwezi kuwashangilia hata wakicheza na shetani. Nimekuja kutazama wote wawili wakiumia."

Saa nane na nusu mpira ukadundishwa katikati ya MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, mbele ya watu 100,014.

Robo ya kwanza ilikuwa ya kubanana, watu wanagongana, mpira haupiti. Nilidiriki kuvuta kiti. Robo ya pili Richmond wakafungua bomba. Sina namna nyingine ya kuieleza. Giants walikuwa wakiokota mpira, wanainua macho, na mbele yao kuna watu watatu wa njano. Wanaupiga juu kwa kukata tamaa, unarudi. Dustin Martin wa Richmond, yule mwenye shingo iliyochorwa tatuu, alikuwa akimsukuma mtu kwa mkono mmoja kama anayefungua mlango wa nyumbani kwake. Kufikia mapumziko Giants walikuwa na goli moja. Moja, baada ya robo mbili, katika mchezo ambao timu huwa inapata goli kumi na kitu na hakuna anayeshangaa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Dada, kutoka Blacktown.

"Mdogo wangu, unaangalia?"

"Naangalia, dada."

"Unaangalia nini sasa? Mimi nimezima, nakaanga vitunguu. Njoo hewani baadaye tuongee mambo ya maana."

Dada yangu na baba ni mtu mmoja. Tarehe 6 Mei 2012, Simba walipoifunga Yanga 5–0 pale Dar es Salaam, baba alikuwa na redio barazani kwetu na majirani wamemzunguka, nusu yao watani wa upande wa pili. Kwetu ni Yanga toka kwa babu. Goli la kwanza alisema mapema bado. La tatu alinyamaza. La nne likiingia akanyoosha mkono, akazima redio, akatangaza kwamba betri zimekwisha. Betri nilikuwa nimenunua mimi asubuhi ile. (Novemba 2023 Yanga walipolipa 5–1 alinipigia simu Melbourne ikiwa saa tisa usiku, nipo kitandani, na hakuna aliyeuliza habari za betri.) Kwa hiyo malezi yangu katika suala la kipigo ni hayo: ukiona hali si hali, zima, ondoka, jifanye ulikuwa na shughuli nyingine. Na mtihani nao niliufanyia hivyohivyo pale kwenye basi.

Chumbani kwetu hali ikawa ileile. Wageni waliokuja kutazama na wazazi wao walianza kuchukua makoti. Pulizo moja la chungwa likapasuka lenyewe, mpishi akapiga yowe la furaha. Mmoja wa wenzangu, nadhani kwa kunihurumia, akachukua rimoti akasema tuweke kipindi cha bustani, hii mechi imekwisha.

"Acha hapo," Mzee akasema. Hakupaza sauti, ila mkono wa rimoti ulishuka.

Halafu akaniita nikae, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimekaa miaka miwili na bingwa. Mwaka 1960 alikuwa na miaka 21, amesimama na baba yake palepale MCG, Collingwood wakicheza fainali na Melbourne. Collingwood walimaliza na 2.2. Goli mbili, za kukosa mbili, jumla 14, wenzao 62. Mwaka 1980 alirudi na watoto wake wawili, na hao hao Richmond wakawapiga kwa pointi 81, 159 kwa 78, ambayo wakati huo ilikuwa tofauti kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana kwenye fainali. Alizitaja namba hizo taratibu, bila kukosea, kama mtu anayetaja tarehe za kuzaliwa za wanawe. Baadaye rekodi ikavunjwa: 1983 Hawthorn waliwapiga Essendon kwa 83, 1988 wakawapiga Melbourne kwa 96, na 2007 Geelong wakawapiga Port Adelaide kwa 119, ambayo mpaka leo haijafikiwa. Lakini hizo za wengine yeye alizitaja kwa dharau kidogo, kana kwamba zilikuwa za nje ya ukoo.

"Hukuondoka?" nikamuuliza. "Ile ya 1980?"

"Watoto walitaka. Niliwaambia kila mmoja achague mchezaji wetu mmoja. Mmoja tu. Amtazame huyo mpaka king'ora. Ubao usiutazame, ubao umeshasema."

Akaninyooshea kidole cha mkono ule mzima. "Chagua."

Nikachagua jezi namba 1, Phil Davis, nahodha, beki. Nilimchagua kwa sababu alikuwepo tangu 2012, alitoka Adelaide akaja kuongoza timu isiyokuwa na mashabiki, akala zile mechi 20 za kufungwa na zile 21 za mwaka uliofuata. Na wiki hiyo nzima magazeti yalikuwa yanajadili msuli wake wa mguu, kama utamruhusu acheze.

Sijui kama umewahi kumtazama beki wa timu inayopigwa, beki peke yake. Mshambuliaji wa timu ile anasimama mbali na mikono kiunoni, hakuna kinachomfikia. Beki ndiye mwenye kazi kuliko mtu yeyote uwanjani. Mpira unakuja. Anaruka, anaupiga ngumi utoke. Unarudi. Anakimbia na mtu ambaye ana kasi na ana furaha. Jack Riewoldt wa Richmond siku ile alifunga goli tano, na kila goli lilipoingia kamera ilimfuata mfungaji, mimi nikawa natafuta pembeni ya picha, pale penye rangi ya chungwa, kuona mtu wangu anafanya nini. Mara nyingi alikuwa hafanyi kitu cha ajabu. Anamwonyesha mwenzake asimame wapi. Anarudi kwenye nafasi yake kabla refa wa goli hajamaliza kupunga bendera zake mbili.

Nilimjua yule mtu. Nilimjua kwa sababu ndiyo zamu yetu ile siku watu wawili wamepiga simu kwamba wanaumwa, na kengele za vyumbani zinalia tatu kwa pamoja. Siku hiyo hushindi. Hakuna muuguzi wala mhudumu atakayekudanganya kwamba siku kama hiyo unaweza kuishinda. Unamgeuza huyu, unambadilisha yule, wa tatu amesubiri dakika ishirini na ana haki ya kukukasirikia, unaomba radhi, kengele inalia. Wageni wakipita hawaoni chochote kilichofanyika. Wanaona waliosubiri.

Na kweli, katikati ya robo ya tatu kengele ya chumba namba 14 ililia, nikaenda. Ilikuwa kazi ya watu wawili na mashine ya kunyanyulia, ikachukua muda wake. Kutoka huko ndani nilisikia mlipuko wa kelele sebuleni, si kelele za kawaida. Niliporudi nikamkuta mpishi amekaa juu ya meza, analia machozi ya kweli.

Ni goli la Marlion Pickett. Hili lazima nilieleze hata kama ni la upande wa pili. Pickett alikuwa na miaka 27 na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza kabisa katika ligi kuu. Ya kwanza, na ni fainali. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu 1952. Ni Mnoongar, mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia Magharibi, alifungwa jela akiwa kijana, akatoka, akacheza ligi ya kwao miaka, timu kubwa zinampita kila usajili, mpaka Richmond wakamchukua katikati ya msimu akiwa na kidole kilichovunjika. Mchezaji mwingine akaumia bega wiki ya mwisho, yeye akapewa jezi namba 50. Alipofunga, wenzake walimkimbilia kutoka kila kona ya uwanja, hata mabeki, wakamfunika.

Nilimgeukia Mzee. Yule asiyeweza kuwashangilia Richmond hata dhidi ya shetani alikuwa anapiga mkono wake wa kulia kwenye kiwiko cha kiti, pa, pa, pa, maana wa kushoto haukuweza kuupokea.

"Hilo si la Richmond," aliniambia alipoona namtazama. "Hilo ni lake."

Robo ya nne sina mengi ya kusema. Watangazaji mechi ikishakufa huanza kuongea historia, na hata hawa walifanya hivyo, wakatafuta mara ya mwisho timu kufunga pointi chache namna ile kwenye fainali, na wakaipata: Collingwood, 1960. Mzee akatabasamu kama mtu aliyetajwa jina lake redioni. Chumba kilikuwa kimebaki na watu kumi hivi, wengine wamesinzia, uji wa pai umeganda bakulini. Bibi wa sweta la njano alikuwa ananyoosha kitambaa mapajani, anakikunja, anakinyoosha.

Sijui ni kwa nini nilisema pale. Labda kwa sababu wote wawili tulikuwa tunatazama mbele.

"Nimefeli mtihani tena, Mzee. Ule wa Kiingereza."

Nilisubiri yale wanayosema watu. Kwamba usijali, kwamba utafaulu mwakani, kwamba kila jambo lina sababu yake. Mimi mwenyewe nimeyasema hayo kwa wagonjwa, na nimewaona wakigeuzia nyuso ukutani.

"Kwa ngapi?" akauliza.

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu alama. Natakiwa saba, nina sita na nusu. Mara ya tatu sasa, sita na nusu."

Akafikiri. Kwenye skrini Davis alikuwa anarudi tena golini, anachechemea au labda ni mimi niliyeona hivyo.

"Umegonga nguzo," Mzee akasema. "Mara tatu." Na hakuongeza neno.

Sitaki nimtilie chumvi. Hakuwa ananipa hekima, alikuwa anasoma matokeo. Lakini tangu Alhamisi ile nusu nilikuwa nimeihesabu kama sifuri, na mtu aliyetazama futi miaka sabini hawezi kuihesabu hivyo, kwa sababu kwao ipo kwenye ubao. Ubao wa Giants siku ile ulisoma 3.7. Goli tatu, na mara saba walifika wakakosa. Nilikuwa nimeishi na huo mchezo miaka mitano nikidhani pointi ya kukosa ni huruma. Si huruma. Ni taarifa. Inakwambia ulifika wapi, na ikibidi uanze tena uanzie wapi.

Kesho yake nilifungua tena ile barua pepe na kusoma alama zote nne. Niliona kwamba sikuwa dhaifu katika Kiingereza chote, ila mahali pamoja. Mwalimu niliyemlipa baadaye, mama mmoja mkali, alinionyesha kwa kalamu nyekundu: swali linataka jibu, mimi nafungua kwa salamu na utangulizi kama mtu anayekaribisha wageni kwenye harusi, hoja yenyewe inafika wakati karatasi inaisha. Mwaka uliofuata nilipata 7. Leo nina usajili wangu. Ningependa kusema ni Mzee au ni Phil Davis, ila haki ya mtu ni yake: ni yule mama na kalamu yake.

Kilichobaki kwangu kutoka Jumamosi ile ni kitu kidogo zaidi, nacho ni namna ya kukaa. Siku hizi nikiwa na familia ambayo mzee wao hatapona, na wao wanajua na mimi najua, siwashiki bega nikawaambia habari za kesho. Nauliza amelala saa ngapi usiku, amekunywa maji kiasi gani, leo amemtambua nani. Wanaanza kunieleza. Kuna binti mmoja alinieleza kwa nusu saa jinsi baba yake alivyomeza vijiko vitatu vya uji, cha kwanza mpaka cha tatu, kila kimoja na habari yake.

King'ora kililia. Richmond 17.12 (114), Giants 3.7 (25). Tofauti 89, ya tatu kwa ukubwa katika fainali zote. Dustin Martin, aliyefunga goli nne, akavishwa nishani ya mchezaji bora wa fainali, ya pili kwake. Wachezaji wa Giants walikaa kwenye majani wametawanyika, hakuna aliyekaa karibu na mwenzake. Nilimtafuta namba 1. Alikuwa amesimama, anapita kwa mmoja mmoja, anawainua.

"Wako alifanya nini?" Mzee akaniuliza nilipokuwa namfunga mikanda ya mashine kumpeleka kitandani.

"Alibaki."

"Hm," akasema. Halafu, tukiwa koridoni: "Hizo soksi ni mbaya sana, lakini."

Mpishi na mhudumu wa michezo walikuwa bado wamesimama mbele ya karatasi ya ukutani, wanapitisha kidole. Richmond 40, mbali. Richmond 55, mbali. Wakafika chini kabisa, wakatazamana. Watu 23 walikuwa wametoa dola mbilimbili. Nilipewa mimi kazi ya kumpelekea bibi chumbani kwake, dola 46 zote za sarafu ndani ya chupa iliyokuwa na tomato, imeoshwa.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaitikisa, akasikiliza.

"Za nini hizi?"

"Umeshinda, bibi. Ulisema themanini na sita."

"Ndiyo," akasema, "mwezi wa nne nilitimiza." Akaiweka chupa kwenye mkoba wake, akafunga zipu, akaushika mapajani, akaniuliza kama mama yake ameshafika.